Kitambaa Kilicho Njiani

Kompyuta mbili za kiwanda cha nguo zilikuwa hazisemezani, kama wake wenza walionuniana, na aliyezipatanisha kila siku alikuwa Seline. Ile ya ufumaji ilikuja na mitambo kutoka ng'ambo. Ile ya stoo ililetwa na wafadhili wengine kabisa, na kila moja ilikuwa na majina yake. Buluu ya sare za shule kwa wafumaji ilikuwa namba 14, kwa stoo namba 306. Seline alikaa katikati na fomu zake, akigeuza za huku ziwe za kule, miaka mitano sasa, na alijivunia kazi hiyo. Tusimlaumu. Nani asiyependa kuambiwa kwamba bila yeye kiwanda kingesimama?

Lakini mwaka huu wa 1989 alitaka kuondoka. Mumewe Eliakim alikuwa mwalimu Kisumu na watoto walikaa naye huko. Likizo iliyopita binti yao Aloo, wa miaka sita, alimwamkia mama yake kwa adabu ile anayowaamkia wageni, na jambo hilo lilimkata Seline maini. Alikuwa amepata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali kule Kisumu, aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, barua ya kuachiliwa na kiwanda ikiwa mkononi. Bila barua hiyo hakuna kazi. Na kiwanda nacho kilikuwa cha serikali. Ukikitoroka, sifa zako mbaya zinakutangulia kila uendako.

"Nitasaini," meneja wake, Bwana Gathogo, alimwambia. "Lakini Mama Aloo, kuna experts wanakuja kuunganisha hizi computer na waya. Wanataka list moja. Kila kitu jina moja, maana moja. Hiyo andika, halafu ufundishe Virginia kazi yako. Ukimaliza, barua ni yako."

Seline alihangaika na orodha wiki tatu. Alibishana na Kipngetich, msimamizi wa ufumaji, aliyeapa kwamba khaki itabaki namba 9 hadi atakapozikwa, kisha akakubali kwa kikombe cha chai. Majina yote yakapatana. Likabaki moja tu, namba 99, na hiyo alikuwa ameibuni Seline mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Wafumaji walipima kitambaa kinapotoka kwenye mtambo. Stoo walikipima kikishafuliwa, kikapigwa pasi na kukunjwa. Na kitambaa kikifuliwa hupungua. Hilo halihitaji kompyuta, muulize mama yeyote aliyewahi kumnunulia mtoto sare. Kila mita mia zilifika stoo tisini na sita. Ila mkurugenzi alikuwa amesimama jukwaani mbele ya wakubwa wa serikali na chama, akatangaza kwamba kiwandani kwake haipotei hata mita moja. Alipigiwa makofi, na miaka ile neno la jukwaani halikuwa na wa kulipinga. Ndiyo maana hakuna kompyuta iliyopewa nafasi ya kuandika kupungua kwa kitambaa. "Fanya zikubaliane," Gathogo alimwambia Seline wakati huo, kwa mdomo tu, macho yakiwa dirishani. Basi Seline, kwa werevu wake, akaziingiza mita zilizokosekana kwenye namba 99, akaiita kitambaa kilicho njiani, na kila fomu akaitia saini yake. Kufikia sasa zilikuwa mita laki moja na themanini elfu. Ungezitandaza barabarani zingefika Kisumu na kurudi nusu ya njia, na hazikuwepo.

Katika orodha mpya aliifuta 99, akaandika ukweli. Gathogo alipoufikia ukurasa huo, kalamu yake ilisimama.

"Hii ni nini?"

"Kupungua, boss. Mita nne kwa mia. Kila mtu anajua nguo hupungua."

"Kila mtu anajua. Hakuna mtu anasema." Gathogo alishusha sauti. "Ukiandika hii, watauliza 99 ilikuwa ya nini. Watauliza hiyo kitambaa yote iko wapi. Watafungua fomu. Saini ni ya nani?"

"Lakini ni wewe uliniambia."

"Nilikuambia? Imeandikwa wapi?"

Seline aliuvuta ukurasa ule kuelekea kwake.

"Rudisha 99," Gathogo alisema, sasa kwa upole. "Virginia mfundishe kwa mdomo. Akishashika, nasaini."

Virginia alikuwa karani wa miaka ishirini na sita, mpole, mama wa watoto wawili, anayeishi Munyaka, mtaa wa wafanyakazi. Orodha yote alikuwa ameimeza kwa wiki moja. Alhamisi, saa ya chai, Seline alikaa naye kantini akikusudia kumpa nusu ya habari na kuitia asali. Alipomwangalia usoni alishindwa, akamwambia yote.

"Na kwa fomu nitaweka saini yangu?" Virginia aliuliza.

"Ndiyo."

"Na boss ameandika mahali?"

"Hapana."

Virginia alimaliza chai yake, akasuuza kikombe. "Asante kwa kuniambia, Mama Aloo."

Seline alichukulia hayo kuwa ni kukubali. Alifunga sanduku lake jioni hiyo kwa aibu na furaha, na furaha ndiyo iliyozidi.

Ijumaa asubuhi waliitwa wote wawili kwa Gathogo. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, ikingoja kalamu tu.

"Virginia, umeshika kazi?"

"Nimeshindwa, boss."

"Umeshindwa nini?"

"Yote. Kichwa yangu ni ngumu."

"Khaki ni namba gani?"

"Sijui."

Khaki, ambayo Jumanne aliitaja kabla Seline hajamaliza kuuliza! Gathogo akamjaribu buluu ya shule. Virginia akakuna kichwa, akataja namba ambayo haikuwepo katika kompyuta yoyote. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yumo mashakani, na huyu hata mjinga hakuwa. Alijitia hamnazo tu. Nimeshindwa. Neno moja, na katika miaka mitano halikumjia Seline hata siku moja, kwa kuwa alipenda mno kuonekana anaweza.

Angeweza kusema Virginia anadanganya. Badala yake aliitazama barua iliyokuwa mezani.

Gathogo aliitia barua kwenye droo. "Tutatafuta mwingine. Next year, pengine. Si umejionea? Hakuna kichwa kama yako hapa." Alisema hivyo kwa nia ya kumsifu.

Virginia alikuwa akimngoja nje ya mlango, macho yamelowa. "Nisamehe, Mama Aloo. Niko na watoto."

"Hata mimi niko nao," Seline alisema, kisha akaenda kuingiza fomu za siku hiyo, maana watu wa stoo walikuwa wakingoja.