Hiyo Nimeshaiangalia

Mimi ni daktari wa mifugo, na nusu ya kazi yangu ni kuuliza maswali. Ng'ombe hasemi, kwa hiyo namhoji mwenye ng'ombe: alikula nini, ameanza lini kukohoa, jana alikunywa maji? Nikigundua mtu ananificha jambo, nina hotuba yangu, naitoa bila huruma: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wafugaji wa kule mlimani wameikariri. Wakiniona nimevuta pumzi tu, wanaimalizia wao.

Nayasema haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuwa amepiga magoti uani kwake Jumamosi moja asubuhi, mikono myeusi hadi viwikoni, akimdanganya fundi kwenye simu.

Ilianza saa moja na nusu. Alinipigia Mama Pacha, mwanamke anayefuga ng'ombe watano juu kabisa mlimani, watoto wake wakiwa shule ya bweni.

"Daktari, yule mweupe wangu anasukuma tangu alfajiri. Naona mguu mmoja na pua. Mguu wa pili siuoni."

"Usimvute," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi."

Kwa miguu, kufika kwake ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Kwa Kaa ni dakika kumi na tano. Kaa ni pikipiki ya magurudumu manne niliyopewa na ofisi mwaka jana. Watu walimpa jina hilo kwa jinsi anavyotambaa juu ya mawe na, nadhani, kwa jinsi ninavyomkalia, viwiko vimetanuka, kifua mbele, utadhani nakagua gwaride. Ijumaa jioni nilikuwa nimemwosha, nikamfuta usukani na kila kitufe mpaka vikang'aa. Majirani waliniona. Nilihakikisha wananiona.

Basi nikafunga mkoba wangu nyuma, nikazungusha ufunguo, nikabonyeza stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Nikabonyeza tena. Mara ya kumi sauti ilikuwa imeanza kulegea kama mtu anayeongea huku anasinzia.

Nikampigia Fundi Sikio, mwenye gereji kule mjini. Jina alilipata kwa sababu hugundua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu.

"Niwekee simu karibu, ipige stata," akasema. Nikapiga. "Haya. Stata nzima. Mafuta yapo?"

"Yapo."

"Koki umeifungua?"

Nikainama, nikaitazama. "Iko wazi."

"Ile swichi nyekundu ya kuzimia, hapo kwenye usukani, iko upande gani?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Kuitazama ile swichi kungenichukua muda wa kupepesa jicho. Lakini swali lenyewe liliniuma. Mimi, mtu wa vyeti viwili ukutani, naulizwa kama nimewasha swichi! Ni kama kumuuliza mpishi kama amewasha jiko.

"Hiyo nimeshaiangalia," nikasema.

Sikuwa nimeiangalia.

"Basi fungua plagi," akasema Fundi.

Nikaifungua. Ilikuwa imelowa mafuta. Akaniambia niikaushe, niivishe tena kofia ya waya wake, niigusishe kwenye chuma cha injini, kisha nipige stata nione kama inatoa cheche. Haikutoa hata ya kudanganyia.

"Hakuna moto kabisa? Na swichi una hakika?"

"Fundi, nimeshakwambia."

"Basi daktari, hiyo koili inayoleta moto imekufa. Hiyo mpaka niione mwenyewe, na mimi leo siwezi kutoka. Jumatatu."

Koili imekufa! Niliitangaza habari hiyo kwa uchungu na fahari, maana ugonjwa mkubwa humfaa mgonjwa mkubwa. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake cha chai, akauliza, "Kwani hakina kitabu cha maelekezo?"

"Koili haisomwi kwenye kitabu," nikamjibu.

Hapo simu ikalia. Mama Pacha. Safari hii sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Daktari, umefika wapi?"

Nikaitazama plagi mkononi mwangu. Nilikuwa sijafika popote. Na nilijua kuwa ndama wa namna ile hasubiri mtu.

"Mama Pacha, chombo kimeniharibikia. Tutafanya mimi na wewe. Weka simu kwenye spika, iweke juu ya ukuta. Osha mikono kwa sabuni mpaka juu ya viwiko. Una mafuta ya kupikia? Jipake mkono mzima, mengi."

Ajabu ni kwamba sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa tulivu. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye akili. Sijui ilikuwa imekwenda wapi asubuhi yote.

"Subiri aache kusukuma. Ameacha? Sasa msukume ndama arudi ndani polepole, ili upate nafasi. Fuata shingo mpaka begani, shuka na mguu. Unagusa nini?"

"Sijui, daktari."

"Sawa. Ni kitu cha mviringo au chembamba?"

"Cha mviringo. Kama... goti. Ndiyo, ni goti, limekunjwa."

"Vizuri sana. Teremka mpaka kwenye kwato, uifunike yote kwa kiganja, isimchane mama yake. Umeifunika?"

"Bado." Tukasubiri. Nikamsikia akihema, na ng'ombe akiguna. "Bado. Imeteleza. Ngoja... sasa nimeifunika."

"Ivute kuja kwako, goti likae juu."

Nilimsikia akilia kidogo huku akifanya. Kila nilipomuuliza, alinijibu kilichokuwepo. Asichokijua alisema hakijui. Asichokiona alisema hakioni. Mke wangu alikuwa ameacha kunywa chai.

"Daktari! Miguu iko miwili!"

"Sasa ng'ombe akisukuma, vuta, ukielekeza chini. Akipumzika, pumzika."

Simu yangu ikazimika, na namba ya Mama Pacha ikiwa humo humo. Chaji imekwisha, nilikuwa nimeimaliza kwa kumwonyesha fundi jinsi ninavyojua mambo.

Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Hapo mke wangu akatoka ndani na kitabu cha Kaa, bado kimo kwenye nailoni yake, akaichana kwa meno, akafungua ukurasa wa kwanza.

"'Chombo kisipowaka,'" akasoma, "'kwanza hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia iko upande wa kuwasha.'"

Akanitazama. Nikatazama usukani. Swichi ilikuwa upande wa kuzima, safi, inang'aa, hapo hapo nilipoisukuma Ijumaa kwa kitambaa changu.

Niliirudisha, nikairudisha plagi mahali pake haraka haraka, nikabonyeza stata. Tka. Betri ilikuwa imechoka na mimi. "Tumsukume mteremkoni," nikasema, "nitamtia gia, atashika." Tukamsukuma, mke wangu na khanga yake, mimi na cheo changu. Tukapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakitoka kutupa pole. Nikatia gia. Kaa akatikisika mara moja kwa heshima, akaingia mtaroni, akatulia. Nikawa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na karibu mtaa mzima ulikuwa umekuja kusikiliza yanavyochemka.

Nikauchukua mkoba wangu, nikapanda mlima kwa miguu.

Nilifika karibu saa nne, shati limeganda mgongoni. Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelegea mapajani. Mbele yake yule mweupe alikuwa akimlamba ndama jike aliyekuwa akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena.

"Karibu daktari," akasema. Nikasogea kumshika ndama. "Hapana! Na mikono hiyo? Utamwachia maradhi. Maji yale pale, na sabuni."

Nikanawa mara tatu. Nikampaka ndama dawa kitovuni, nikamkagua mama yake, nikahakikisha kondo la nyuma lote limetoka. Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mengine yote alikuwa ameyafanya yeye.

"Pole na safari. Kwani Kaa kapatwa na nini?" akauliza.

"Koili..." nikaanza. Alikuwa akinitazama kwa macho mekundu ya kukesha, na huyu hakunificha kitu asubuhi nzima, hata kile alichokiogopa. "Swichi," nikasema. "Ilikuwa imezimwa. Fundi aliniuliza, nikamwambia nimeangalia. Sikuwa nimeangalia."

Mama Pacha akalifikiria hilo. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kabla sijajua kama analia au anacheka, alikuwa ameshika tumbo. "Mficha maradhi," akasema, akashindwa kumalizia.

Nikamwacha acheke. Alistahili.

Nilikuwa nimeanza kuteremka nilipomsikia Kaa. Mara ya kwanza nilidhani ni masikio yangu. Kisha akatokea kwenye kona, anatambaa kwa mwendo wa konokono, juu yake mke wangu, ambaye hakuwahi kuendesha chombo chochote kikubwa kuliko cherehani. Alikuwa ameuma midomo, viwiko vimetanuka. Alikuwa ameichaji simu yangu, akampigia Fundi, akamweleza kila kitu kama kilivyokuwa. Fundi akamwambia atazame plagi. Ndipo akaona waya wake unaning'inia, maana katika haraka yangu nilisahau kuurudisha. Akaazima betri kwa jirani, na majirani wengine wakamvuta Kaa kutoka mtaroni.

"Fundi anakusalimia sana," akasema. "Alicheka mpaka akaomba maji. Panda nyuma."

"Niendeshe mimi."

"Panda nyuma, daktari."

Nikapanda, nikakumbatia mkoba wangu. Tuliposhuka hadi kwenye nyumba za kwanza, wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo walisimama wakatupungia. Mke wangu hakuweza kuwapungia, mikono yote ilikuwa kazini, kwa hiyo niliwapungia mimi.