Kamba Haikunjwi

Mwanamke aliingia kituoni bila kubisha hodi. Wazimamoto walikuwa wamepanga mifuko yao ya kujiokolea juu ya shuka jeupe, wakimsubiri Jenerali aje kuwakagua. Iskanderia nzima ilikuwa na joto la kukausha mate. Yeye alipita katikati yao na viatu vyake vyenye vumbi.

"Mama, mkate tumeshanunua," Gamil, mmoja wao, alimtania.

"Mimi ni mama yake Wagdi. Nataka kuiona hiyo kamba."

Kicheko kikakatika. Rifaat, aliyekuwa chumba kimoja na Wagdi siku ile ya moto, alimfungulia mfuko wake. Ndani, kamba ilikuwa imekunjwa duara juu ya duara, nadhifu kama kilemba dukani. Juu yake kulabu.

"Mtu akizidiwa na moto anaikwamisha kulabu dirishani, anajitupa nje, kamba inatoka mfukoni ikimfuata," Rifaat alieleza.

"Ya mwanangu haikutoka."

"Ilijifunga. Duara liliingia ndani ya duara. Akaning'inia chini ya dirisha, na moto ukamfuata pale pale."

"Mkuu wenu aliniambia msibani kwamba alishikwa na hofu."

"Hofu tulikuwa nayo sote, Mama. Kamba hii haikunjwi. Inasokomezwa hovyo, ngumi kwa ngumi, ndipo inatoka bila kushikana. Ila mfuko unavimba. Mkuu wetu, Afande Bahgat, anasema unafanana na mbuzi mwenye mimba, unaharibu gwaride."

Safari hii Gamil hakucheka.

"Basi niahidi," mama alisema. "Asishuke mwingine na kamba ya kukunjwa."

Rifaat aliwatazama wenzake. "Wa zamu yangu hatashuka nayo."

Alipotoka yule mama, Rifaat aliimimina mifuko yote chini, akaanza kusokomeza.

Jenerali aliwasili na wapiga picha. Afande Bahgat, mkuu wa kituo, aliona mifuko imevimba, uso ukamwiva.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Mimi, Afande."

"Kunja."

"Afande, Wagdi..."

"Wagdi kafa shujaa. Mimi nataka mstari ulionyooka!"

Akaupindua mfuko mmoja. Kamba ikamwagika hadi kwenye viatu vya Jenerali. Rifaat akapiga magoti, akairudisha, ngumi kwa ngumi. Bahgat akaupindua tena. Rifaat akairudisha tena.

"Una watoto wangapi, kijana?" Jenerali aliuliza kwa upole.

"Watatu, bwana mkubwa."

"Na bado unacheza?"

"Wagdi alikuwa na wawili."

Jenerali akatabasamu kwa ajili ya picha. "Mvueni mkanda wa mfuko. Kuanzia leo huyu ni bawabu."

Kengele ililia kabla Bahgat hajapata wa kukunja. Ghala la pamba lilikuwa linawaka mtaa wa nyuma. Wanne walinyakua mifuko jinsi ilivyo, wakaliparamia gari. Kiti cha tano, cha Rifaat, kilikwenda kitupu. Akipita langoni, alikosimama Rifaat, Gamil aliupiga mfuko wake kofi.

Mama yake Wagdi alikuwa bado ng'ambo ya barabara.

"Zikoje kamba zao?" alipaza sauti.

"Zimesokomezwa, Mama."

"Na wewe?"

Rifaat alikipapasa kiuno chake kitupu. Moshi ulikuwa umeanza kuingia uani, na nyuma yake Bahgat alikuwa akifoka kwamba lango lifungwe haraka, wageni wanakohoa.

Akalifunga.