Kiti Alichokalia Volkmar

Volkmar Diedrichs nami tulisomea upimaji wa ardhi kwa mwalimu mmoja, Hannover, tukala supu ya dengu sahani moja. Mwalimu alipostaafu, chuo kikampa Volkmar kiti chake cha uprofesa, kwa sifa ya kupima urefu wa vilima vya Harz. Kijicho kilinikaba. Huyo ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga miguu ya darubini ya kupimia!

Bahati nzuri alikuwa hajatia saini mkataba wa chuo. Nikimkuta na kosa kabla hajaketi, kiti ni changu, maana mimi ndiye niliyekuwa wa pili kwenye orodha. Nikafunga safari ya Harz kupima upya.

"Unakwenda kupima mlima au kumpima Volkmar?" mke wangu Irmgard aliuliza.

"Mlima."

"Haya. Ukimkuta huko, nisalimie."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkuta Volkmar pale chini ya kilima, begani fimbo ndefu ya vipimo, mfukoni mkate na soseji.

"Nasikia unanikagua," alisema. "Nani anakushikia fimbo?"

"Nitatafuta mtu."

"Umeshampata. Mzito kidogo, lakini hatikisiki."

Darubini za siku zile zilipindua kila kitu. Kutwa nzima nilimwona Volkmar kichwa chini miguu juu, na roho yangu ikapoa kidogo. Tulipanda hadi kileleni, tukashuka tukipima hadi kwenye jiwe tulikoanzia, maana ndivyo hesabu inavyojithibitisha. Yeye aliishika fimbo wima. Mimi niliomba hesabu ikatae.

Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, kwa hasira. Urefu ulikuwa uleule alioutangaza.

"Sema basi," alisema, macho kwenye daftari langu.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa mpimaji kabla sijawa hasidi.

"Imekubali," nilisema. "Huna kosa."

Volkmar akaketi kwenye nyasi, akafuta macho. "Sikuwa na hakika, Ruprecht. Siku ile nilipopima kulikuwa na ukungu, nami nilikuwa na haraka. Silali. Nilishaamua kesho niwaambie sikitaki hicho kiti, wakupe wewe."

Nikaanza kufungua miguu ya darubini.

"Sasa nitakikalia kwa amani," alisema, akinikatia kipande cha soseji. "Wewe ndiye uliyenipa, ndugu yangu."

Soseji ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.