Duara Zima

Mchonga mihuri alikuwa na kibanda kisichozidi upana wa kitanda, nyuma ya duka la fotokopi, na hakikuwa na kibao. Cha nini? Waliomtaka walimjua. Kwa wembe na kipande cha soli ya kandambili alikuchongea muhuri wa chuo, wa bwana afya, hata wa mahakama, na kabla ya adhuhuri ulikuwa msomi. Wakubwa wa maofisini walimlaani mchana kweupe, kisha wakamtumia watu wao kwa mlango wa nyuma. Mimi siwezi kumwita mwizi peke yake.

Uliotoka sana ni muhuri wa chuo cha uuguzi. Wa chuoni kwenyewe uliwahi kuanguka, ukaingia ufa upande wa kushoto wa duara. Yeye hakuupenda ule ufa. Mikono yake haikuzoea kazi mbovu, basi akachonga duara zima.

Kwa riziki hiyo alimsomesha binti yake wa pekee, tena chuo hichohicho, akala yamini kwamba karatasi ya mtoto huyu hataigusa. Binti alisoma kweli. Miaka mitatu alimwaga vyombo vya wagonjwa na kushika vitabu hadi macho yakamuwasha, akahitimu. Hospitali kubwa ikatangaza nafasi moja.

Siku ya mwisho ya maombi, saa saba mchana, binti aliingia kibandani amevimba macho.

"Wamenikatalia, baba. Karani kakigeuzageuza cheti changu, kacheka. Eti muhuri una ufa, nimeghushi. Akanifungulia mafaili ya wauguzi walioko kazini nione muhuri halisi ulivyo. Duara zima, baba."

"Wote?"

"Wote alionionyesha. Hao ndio wanaochoma sindano. Hao ndio wanaozalisha."

Mzee aliketi juu ya ndoo. Hakumkumbuka hata mmoja wao kwa sura. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, na leo ulikuwa umegeuka.

"Rudi chuoni, wakuandikie barua."

"Nimetoka huko. Barua ni mwezi ujao. Dirisha linafungwa saa kumi."

Mzee alitamani binti amtukane. Matusi angeyameza, ameshameza makubwa kuliko hayo. Lakini binti alifungua bahasha tu, akakilaza cheti mezani, akakinyoosha kwa viganja.

"Gonga."

"Mwanangu, hiki ni halali."

"Ndiyo maana hawakitaki. Gonga, baba, muda unakwenda."

Aligonga. Duara lake lililala juu ya lile la chuo, likaufunika ufa vizuri kabisa. Akapuliza wino ukauke, na aibu aliyoisikia hakuwahi kuisikia hata siku aliyolala korokoroni.

Saa kumi kasorobo karani alikipokea cheti kwa mikono miwili, akamsifu binti kwa kuleta cha kweli. Kazi aliipata.

Siku alipoitwa kazini, jioni, binti alikuja kuaga, maana wauguzi wapya wanapewa chumba hukohuko. Mzee alimwombea heri, akamshika mkono. Binti hakuutoa mkono wake, ila alikuwa akitazama sakafu.

"Baba, ukiugua, uliza kwanza kama niko zamu. Wakikwambia sipo, rudi nyumbani. Usikubali mtu yeyote mle ndani akuguse."