Jirani Asiyezika

Kwenye pafu langu la kulia, juu kabisa, kuna doa. Daktari ameliona kwenye picha, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Anataka nirudi Alhamisi wanichome sindano, watoe kinyama kidogo wakakipime. Nikamwambia mimi ni fundi wa magodoro ya sufi, kwa hiyo hilo ni vumbi tu. Nikavaa shati nikarudi kazini.

Mke wangu, Mama Hoza, hakubishana. Alipanga nguo zangu kwenye begi, akaliweka mlangoni. Tangu siku hiyo naliruka kila nikitoka na kila nikiingia.

Hayo ni ya mchana. Jana tulikunywa uji mtupu, maana kikohozi kilikuwa hakinipi nafasi ya kutafuna, nikaenda kulala. Leo ni Alhamisi. Na usiku niliota hivi.

Niko bandani kwangu, hapa hapa Muheza, najaza mto. Mto ukishashiba, unakohoa.

"Semboja," mto unasema, "unaitwa."

Nikauliza naitwa na nani. Ukasema na pua yangu, na kwamba nivue viatu kwa sababu njia ina utelezi.

Sina tabia ya kubishana na bidhaa. Nikavua viatu, nikainama, nikaingia kwenye tundu la kushoto la pua yangu, maana la kulia lilikuwa limeziba. Nilipokuwa nusu ndani nikakumbuka kuuliza, je, huku nje atabaki nani? Mto ukasema nisiwe na wasiwasi, utanishikia nafasi.

Ndani kuna mtaa. Nyumba za rangi ya waridi zimebanana ukuta kwa ukuta, kila kitu kimelowa, na watu wanapita na shughuli zao. Hewa ikiingia, wote wanainamia upande mmoja. Hewa ikitoka, wanainamia upande wa pili. Mazungumzo hayakatiki.

Katikati ya njia amesimama mama mnene, kanga imefungwa kifuani, filimbi mdomoni. Amejining'inizia ndoo za maji kiunoni, mabegani na shingoni, zote zimejaa pomoni. Ndiye Bi Tabu, mkuu wa ulinzi. Nyuma yake kuna kibao kikubwa: KILA MGENI APIGIWE FILIMBI.

Nikamwamkia shikamoo.

"Usiniamkie," akasema. "Mimi nimezaliwa juzi. Filimbi nimeirithi."

Kabla sijajibu, unyuzi mmoja wa sufi ukaingia kutoka nje. Mweupe, mpole, ana sanduku dogo mkononi. Akapiga hodi. Akasema amekuja kusalimia tu, jioni anaondoka.

Bi Tabu akapuliza filimbi. Walinzi wenzake wakatokea kila kona, nao wakapuliza, kisha wote wakamwaga ndoo zao kwa pamoja. Maji yakajaa mtaa mzima. Kuta zikavimba mpaka watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Nikasikia kifua changu kinapiga mluzi. Miaka yote hiyo nilidhani ni kifua. Kumbe ni Bi Tabu.

Unyuzi ulibebwa na maji ukielekea nje. Ukatupungia mkono. Nadhani ulikuwa unajua njia.

Nikamwambia Bi Tabu ukweli wake. Kwamba kwa ajili ya filimbi zake nimelala nimekaa, nimekohoa harusini kwa watu, na siku Hoza anafunga ndoa nilipiga chafya shehe akasimama mara mbili. Mgeni mwenyewe ni sufi, haiibi wala haimpigi mtu.

"Na siku akija mwizi kavaa sufi?" Bi Tabu akauliza. "Afadhali nipige kelele za bure kuliko ninyamaze siku moja."

"Afadhali kwake yeye," sauti ikasema kutoka juu ya ngazi. "Anayejenga upya ni mimi."

Huyo alikuwa Shekue, fundi wa kuta, mwiko mkononi na udongo mpaka kwenye nyusi. Akanieleza kwamba kila Bi Tabu akimwaga maji, kuta zinabomoka, na yeye na wanawe wanajenga upya usiku kucha. Tena kuta zenyewe nyeusi. Akaniuliza zile sigara nilizovuta ujana wangu nilidhani moshi wake unakwenda wapi. Jirani yake, mzoa taka mwenye tumbo jeusi kama sufuria la shughulini, akalipigapiga tumbo lile bila ubaya.

"Za kwako hizi," akaniambia. "Bado nazitafuna."

Shekue akasema ukuta ukijengwa kwa haraka kila siku, iko siku fundi atakosea. Ndiyo chanzo cha mabaya yote mtaani, na mwenye kosa ni Bi Tabu na ndoo zake. Bi Tabu akasema bila yeye kusingekuwa na mtaa wa kujenga. Mzoa taka akasema wote wawili wamesahau moshi. Wakanigeukia mimi niamue.

Nikasema mimi niliachia darasa la tano. Wakasema hata waliomaliza bado wanabishana juu ya jambo hilo, kwa hiyo nisione haya. Tukaliacha.

Bila kupita popote tukawa msibani. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, pilau inanukia mpaka mate yananitoka. Nikauliza nani amefariki.

"Mimi," akasema bwana mmoja aliyekuwa anagawa sahani. Amechana nywele vizuri, kanzu imepigwa pasi. "Leo zamu yangu. Kaa hapo, kaka. Mpe nyama huyu, ndiye mwenye mwili."

Nikampa pole. Akashangaa ya nini. Akasema amefanya kazi yake, ukuta wake haujavuja hata mara moja, na binti yake anashika nafasi yake leo hii hii. Hapa kwetu, akasema, kila mtu anakufa kwa siku yake, na kila mtu anamzika mwenzake. Ndiyo maana pana nafasi ya kukaa.

Tukala. Mimi ambaye kwa wiki nzima sikuweza kumeza tonge nilimaliza sahani, nikaongezewa, nikamaliza. Kikohozi kilikuwa hakipo. Bi Tabu alinisimulia mambo ya walinzi mpaka nikacheka nikatemea wali kwenye ndoo yake. Shekue naye akacheka, na hawa wawili, niliambiwa, hawajacheka pamoja tangu bomba la maji lipasuke.

Mwenye msiba akasimama, akashukuru wapishi, akajikunja katikati, kisha tena katikati, kama shuka linalorudishwa sandukuni. Mzoa taka akampokea kwa mikono miwili na kuondoka naye taratibu. Wanawake wakapiga vigelegele. Sijawahi kuona msiba mzuri namna ile, na mimi watu nimezika.

Ndipo nikainua macho. Juu kabisa upande wa kulia kulikuwa na nyumba imejitenga. Kubwa kuliko zote, madirisha yamefungwa, na mabomba yanatoka kila nyumba ya jirani na kuingia kwake.

Nikauliza pale anakaa nani.

"Bwana Doa," akasema Shekue. "Kijana wetu. Nimemjua tangu anazaliwa."

"Filimbi hajapigiwa?"

Bi Tabu akaniangalia kama nimeuliza kama maji yanalowesha. Filimbi ni ya wageni. Bwana Doa amezaliwa hapo, anasalimia vizuri, anafanana na kila mtu.

"Na mabomba?"

Mabomba kweli amejiunganishia mwenyewe, wakasema, na kweli maji yamekuwa haba tangu hapo. Lakini ni kijana wa nyumbani.

Nikatazama mikeka. Mtaa mzima ulikuwepo, mpaka vikongwe wamebebwa. Nikauliza swali ambalo mtu yeyote wa Muheza angeuliza.

"Mbona hapa simwoni?"

Mtu mmoja akaweka sahani chini. Akafuata mwingine.

"Juzi alikuja?" nikauliza.

"Juzi hakuja," akasema Shekue polepole.

"Ameshawahi kumzika mtu?"

Wakatazamana. Mtaa mzima, pamoja na wanaolia na wanaoosha vyombo, ukagundua kwa mara moja kwamba Bwana Doa hajawahi kuzika. Na zamu yake mwenyewe ya kuzikwa, Shekue akakumbuka huku mwiko unamwanguka, ilishapita zamani.

Tunapanda. Hakuna aliyesema twende, ila tunapanda, walinzi na wapishi, na sufuria la pilau nalo linakuja kwa miguu yake.

Bwana Doa akafungua mlango kabla ya hodi. Amevaa shati langu. Ana sura yangu ya wakati nina miaka ishirini, na sauti yangu.

"Karibu, kaka," akaniambia. "Hawa wengine ni wa nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakuja kumzika mwenzake leo.

"Nilikuwa na kazi."

"Na jana?"

"Jana pia kazi. Kaka, tuseme kweli. Mimi ni wewe. Mimi ni wewe yule uliyekataa kufa. Ubaya wangu uko wapi?"

Nakiri lilikuwa swali zuri. Nilisimama pale nikiwa na umri wangu na magoti yangu, nikamtazama yule kijana asiyekohoa, na nilimwonea wivu. Kisha nikaona nyuma yake, ukutani kwa jirani, binti wa yule marehemu. Alikuwa ameshika nafasi ya baba yake kama ilivyoahidiwa. Midomo imekauka. Bomba lake linapita dirishani kwenda kwa Bwana Doa.

Nikamwambia Bi Tabu apulize.

Akapuliza. Filimbi haikulia. Akaipiga pajani, akapuliza tena, wapi. Walinzi wote wakapuliza, ikatoka hewa tupu. Bwana Doa akatabasamu kwa meno yangu.

"Geuzeni kibao," akasema.

Kibao kilikuwa kimepanda na sisi. Wakakigeuza. Nyuma kimeandikwa, kwa mwandiko wangu, rangi bado mbichi: MWENYE MWILI AKISEMA NI VUMBI, NI VUMBI.

"Ulikiandika juzi," Bi Tabu akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Kwa daktari. Tangu siku hiyo tunakimbizana na vumbi."

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu, haina viatu. Sina haja ya kuficha, niliogopa. Kuna rafiki yangu Mbelwa, tunauza naye gulioni, aliniambia sindano ile ndiyo inayoamsha ugonjwa, na kama hujachomwa huna kitu. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nimelala nayo tangu niisikie.

"Sema tu ni vumbi," Bwana Doa akaninong'oneza. "Shuka ukamalizie pilau. Nani atakulazimisha?"

Hakuna aliyenilazimisha. Hata Bi Tabu alishusha filimbi, na huyo, kama alivyosema mwenyewe, hajui kunyamaza. Yule binti alikuwa ananitazama kupitia dirishani.

"Si vumbi," nikasema.

Filimbi zikalia zenyewe, hata zile za mfukoni. Walinzi wakamwaga ndoo, na kwa mara ya kwanza maji yalikwenda yanakotakiwa. Wazoa taka wakaja na vijiko. Wanawake wakapiga vigelegele, sufuria likaanza kucheza ngoma ya mdumange peke yake, Shekue akampigia makofi Bi Tabu na Bi Tabu akajifanya hakuona. Bwana Doa akafunga mlango kwa ndani, lakini nyumba ilikuwa imezingirwa pande zote, na mtu mmoja alishaanza kukata mabomba.

Nikauliza kama basi, tumemaliza.

"Tumalize nini?" Bi Tabu akasema. "Sisi tumemzingira. Mlango huu hatuuwezi, ni wa chuma. Huyo anatolewa na wenye sindano. Wewe nenda kawaite, sisi tutapiga kelele mpaka wafike. Leo ndiyo siku yenyewe, au umesahau?"

Nikasema nakwenda. Akaniambia nishike ukingo. Akachukua unyuzi mmoja wa sufi, pengine ni ule ule maana ulinipungia tena, akautekenyea ukuta taratibu sana. Mtaa mzima ukainama nyuma.

"Samahani kwa hii," akasema.

Nikapiga chafya, na nikatoka nayo.

Nikajikuta kitandani, kumekucha. Chumba chote ni cheupe. Mto umepasuka, sufi iko sakafuni, iko kwenye chandarua, iko kichwani kwa Mama Hoza, ambaye amekaa kitako amekumbatia magoti na anacheka mpaka machozi.

"Baba Hoza," akasema, "umepiga chafya gani hiyo? Kuku wa jirani wametoka bandani. Na usiku kucha ulikuwa unacheka. Nilikuwa nakuamsha, unasema niongezee nyama."

Nikamwambia nimeota. Akauliza nimeota nini. Nikafungua mdomo nimwambie, nikahisi kitu kimenikwama kwenye jino la nyuma. Nikakitoa kwa kucha, nikakiweka kiganjani.

Ilikuwa iliki. Imetafunwa nusu, bado inanukia.

Mama Hoza akaitazama. Akanusa. Akanitazama mimi. Ndani mwetu hapajaingia iliki tangu Idi, na jana, kama nilivyosema, tulikunywa uji mtupu.

"Umekula wapi?" akauliza.

"Msibani," nikasema. "Nipe shati."

Nikavaa. Safari hii begi la mlangoni sikuliruka, nililiokota. Ndoto hii imenigharimu mto mmoja mzuri wa sufi, usingizi wa mke wangu, mayai ya kuku wa jirani kwa leo, na lile neno langu la vumbi, ambalo nilikuwa nalitegemea sana na sasa sina tena.