Wiki Tisa za Kuliheshimu Goti

Fundi cherehani alikuwa amelifunga goti lake kwa vibao viwili na shuka kuukuu, wiki tisa tangu lianze kumuuma, halikunjwi wala halikanyagiwi. Nyumbani alitawala kutoka kwenye kochi: leteni maji, leteni rimoti, hata nzi alitaka afukuziwe. Aliamini miaka thelathini ya kukanyaga pedeli ndiyo iliyolila goti. Cherehani yenyewe alishampa shemeji yake, aje kuichukua siku ileile mkewe aliyompeleka hospitali.

Huko, daktari wa viungo, binti mwenye umri wa kuwa mwanawe, alifungua vile vibao akaguna.

"Mzee, nani kakuambia ufanye hivi?"

"Akili yangu."

"Na ndiyo hiyo iliyobaki, daktari," mkewe akadakia.

Binti hakucheka. Alichukua sifongo kwenye sinki, akaibana, akaiachia. "Gegedu, ule mto mweupe mwishoni mwa mfupa, halina mishipa ya damu. Lina seli chache, kila moja kijumbani mwake. Ukikanyaga, gegedu linabanwa; ukiachia, majimaji yanarudi na chakula. Kubanwa na kuachiwa huko ndiko kunakoziambia seli zitengeneze ule ute mgumu unaozizunguka. Goti likilala, zinapunguza kazi, na ute wa zamani unazidi kulika."

"Kwa hiyo pedeli..."

"Ilikuwa inazilisha. Wewe uliteguka tu, siku chache za kulipumzisha zingetosha. Umezishindisha njaa wiki tisa!"

 Mdomo wa fundi ulibaki wazi mpaka mkewe akaufunga kwa kidole.

"Zitatengeneza tena?"

"Ukianza leo, taratibu, huenda. Ukirudi kwenye kochi, sahau."

"Mama watoto! Cherehani!"

Walipofika nyumbani, shemeji alikuwa anakaza kamba kwenye mkokoteni.

"Shusha, shemeji!"

"Si ulisema imekumaliza?"

"Nimeisingizia! Nimejimaliza mwenyewe!"

Shemeji akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. Kisha fundi akapandisha suruali. Paja lilikuwa limenywea, ngozi inaning'inia. Kicheko kikakatika. Shemeji akafungua kamba, akaishusha cherehani palepale barazani.

Fundi akaketi, akaweka mguu kwenye pedeli. Goti likalia kama bawaba yenye kutu. Akapiga yowe, akakanyaga tena. Wapita njia wakasimama kumshangaa mzee anayetokwa machozi huku anashona hewa, bila uzi wala kitambaa, na hataki kuacha.