Mgonjwa Mwenye Mashavu

Jumapili asubuhi Keji alikuwa ameshatandika kitanda chake, cha jirani wa kulia, na cha jirani wa kushoto ambaye bado alikuwa amekilalia. Alikuwa amepona, na aliyepona lazima afanye kitu.

Daktari alipita, akamsikiliza kifua, akatamka maneno matamu kuliko yote katika wodi ya wanawake: nimonia imekwisha, nenda nyumbani. Kisha akaondoka mbio, maana daktari alikuwa mmoja na wodi zilikuwa nyingi.

Keji akamwendea Ezbon, mkuu wa wahudumu, aliyevaa soksi ndefu nyeupe na kuning'iniza ufunguo wa stoo kifuani kama msalaba wa askofu. Ndani ya stoo hiyo zilifungiwa nguo za wagonjwa. Kila aliyelazwa alivuliwa zake, akavishwa gauni jeupe la hospitali lenye mhuri mweusi wa serikali mgongoni.

"Bwana Ezbon, nipe gomesi yangu. Daktari amesema mimi iko mzima."

"Najua, yaa mama. Ndiyo maana huendi."

Keji alidhani nimonia imemhamia masikioni.

"Kesho mkubwa wa wizara anakuja kukagua," Ezbon akaeleza kwa upole wa mwalimu wa hesabu. "Nimwoneshe nani? Wale?" Akanyoosha kidevu kuelekea verandani, ambako wanawake wenye homa walilala kwenye mikeka wakingoja kitanda. "Wale wanakohoa ovyo. Wewe una mashavu. Utaenda bukra, hiyo kesho, ukaguzi ukiisha."

"Bukra ya nini? Leo mjukuu wangu anabatizwa kanisani kule Gumbo, ng'ambo ya daraja! Padri akiondoka hatarudi mpaka mvua ziishe. Mtoto anapewa jina langu. Nisipofika, yule bibi yake mwingine atampa lake. Unamjua yule mwanamke? Alianza kumwita kwa jina lake tangu mtoto yuko tumboni!"

"Malesh, pole," Ezbon akasema, akaenda zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa sheria ya hospitali hiyo: mgonjwa hakuwa na haki ya kitanda, na mzima hakuwa na haki ya kukiacha.

Saa sita wakaingia akina mama wa kanisa, ambao tangu warudi kutoka ukimbizini Uganda baada ya amani walikuja kila Jumapili kuwaombea wagonjwa. Walivaa magauni meupe marefu na walibeba ngoma moja. Aliyewaongoza alikuwa Teresina, wifi yake Keji. Alisikiliza habari yote bila kupepesa macho, kisha akasema:

"Wifi, simama. Geuka. Hilo gauni ni jeupe?"

"Lilikuwa."

"Inatosha. Funga kitambaa kichwani, kaa katikati, uimbe. Na usiimbe vizuri sana, watakushtukia."

Wagonjwa wengine wawili wenye mashavu waliposikia hayo, walipatwa ghafla na wito wa dini.

Kundi likatoka na ngoma. Getini alisimama mzee aitwaye Albino, askari mwenye uso wa mtu ambaye hajawahi kucheka akiwa kazini. Akina mama wakapita. Migongo nayo ikapita. Albino aliiona mihuri mitatu ya serikali ikielekea barabarani, akavua kofia, akalitazama kwa makini wingu ambalo halikuwepo.

Walipokuwa nje ya uzio, nesi kijana, Ketty, aliwakimbilia kwa ndani, akampenyezea Keji kifurushi cha gazeti kwenye nafasi ya waya, akatoweka. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe. Keji akasimama.

"Twende, wifi!" Teresina akamvuta.

"Sijaambiwa navimeza vipi."

"Utauliza Gumbo!"

"Gumbo nani anajua? Nimeugua mimi, naambiwa mimi. Ni haki yangu."

Akarudi mpaka getini, huku Teresina akimwomba Mungu amwondolee wifi huyu. Ezbon alikuwa kwenye ngazi ya wodi, ameinama, akipandisha soksi.

"Bwana Ezbon! Hivi vidonge, kabla ya kula ama baada?"

"Baada ya kula," Ezbon akajibu bila kuinua macho. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiache hata ukijisikia vizuri. Kikohozi kikirudi, urudi upesi."

"Shukran!"

Hapo ndipo alipoinua macho. "Albino! Funga geti! Huyo hajaruhusiwa!"

Albino alivaa kofia yake taratibu. "Mkuu, mimi askari tu, sikusoma. Lakini mtu ukishamweleza dawa na lini arudi, si umemruhusu? Ama kesho nimuulize mkubwa wa wizara?"

Ezbon akageukia wodi: vitanda vitatu vilikuwa vitupu. Kwa kuwa wakaguzi hawapendi vitanda vitupu, ilimbidi aende verandani kufanya jambo ambalo hakuwahi kulipanga: kulaza wagonjwa.

Akina mama walivuka daraja wakiimba, safari hii vizuri. Kanisani Gumbo padri alikwisha kuchota maji na kuuliza jina. Yule bibi mwingine alikuwa amembeba mtoto, ameshavuta pumzi ya kujibu.

"Mtoto huyu anaitwa..." akaanza.

"Keji!" ikaja sauti kutoka mlangoni, kwa nguvu ya mapafu yote mawili.